Kura Isiyosikika

Bi Kalamu, karani wa mtaa kwa miaka kumi na tisa, siku hiyo aliingia ukumbini mikono mitupu. Kazi yake ilikuwa imechukuliwa na kisanduku cheusi pale mezani, mashine ya akili bandia iliyosikiliza mkutano na kuandika muhtasari yenyewe. Mwenyekiti alikuwa shemeji yake, lakini ushemeji haukumsaidia kitu.

"Shemeji, usininunie. Leo kaa kama mwananchi tu."

"Nimekaa. Ila mwananchi naye ana macho."

Hoja ilikuwa moja: lolote litakaloamuliwa na mashine kuhusu mtaa, iwe kibanda cha sokoni au zamu ya maji, likaguliwe na wakazi kwanza. Watu walijaa mpaka madirishani.

"Wanaounga mkono?"

Mikono ikapaa kimya. Mazoea yana taabu. Bi Kalamu akahesabu. Mia na kumi na mbili!

"Wanaopinga?"

"Mimi!" akanguruma fundi redio, aliyekuwa amelipwa kuifunga mashine ile pale mezani.

Skrini ya ukutani ikawaka: *Waliounga mkono: hakuna. Aliyepinga: mmoja. Hoja imeanguka.*

Hapakutosha kwa kelele! Mwenyekiti, jasho likimtiririka, akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kufunga mkutano. Akikibonyeza tu, muhtasari unakwenda halmashauri, na habari imekwisha.

Bi Kalamu akapanda juu ya benchi, moyo ukimdunda kwa hasira na furaha kwa pamoja.

"Shemeji, toa kidole! Hicho kidude kina masikio, macho hakina! Jamani, mmoja mmoja, semeni!"

"Muuza mkaa, naunga mkono!"

"Mshona viatu, naunga mkono!"

"Mimi na huyu tumboni, tunaunga mkono!"

Ukumbi ukacheka. Namba zikapanda ukutani, na watu wakahesabu pamoja nazo kwa sauti, tisini, mia, mia na kumi, mpaka skrini ikatulia: *Mia na kumi na tatu. Hoja imepita.*

Vigelegele! Watu wakakumbatiana. Bi Kalamu peke yake akatikisa kichwa.

"Mia na kumi na mbili. Imemhesabu mtoto wa tumboni."

Mwenyekiti akamtazama, akatazama skrini, kisha akachomoa kalamu na karatasi mfukoni.

"Si mmeshapitisha wenyewe kwamba ikaguliwe? Haya, shemeji. Sahihisha."

Bi Kalamu akavipokea. Ukumbi mzima ukamsubiri amalize kuandika.