Fundo la Samia binti Likwata

Kabla ya adhana ya alfajiri Mwahija alisikia ukucha ukipasua ukindu chumba cha ndani. Sauti ndogo, kavu, aliyoijua tangu hajaota meno. Aliwasha kibatari, akamkuta marehemu mama yake, Samia binti Likwata, ameketi kando ya sanduku la karatasi, anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

Mwahija akaenda kuteleka maji ya chai.

Sanduku lile lilijulikana Kilwa Kivinje nzima. Lilikuwa na karatasi za kufungia sabuni, matangazo ya boma, kadi za mialiko, na juu ya yote vitabu vya maonyesho ya picha mpya za Ulaya: nyumba zilizopinda, ng'ombe wa buluu, wanawake wenye macho mawili upande mmoja. Hao aliwaonea huruma tangu mwanzo. Majirani walimtania, "Wenzio wanaweka bangili, Mwahija anaweka makaratasi." Alicheka nao, akatia karafuu kati ya kurasa wadudu wasile.

Vitabu vilitoka kwa Bwana Shauri wa zamani, Mzungu mkuu wa wilaya. Abdala, marehemu mume wa Mwahija, alikuwa mpishi wake, na siku moja alimwambia bwana kwamba mkewe anapenda picha hizo. Bwana hakusahau. Hata baada ya kurudi kwao London, kila mwaka posta ilileta kitabu. Ule ulikuwa wema, na Mwahija hakuwahi kuukana.

Lakini kitabu cha mwaka wa hamsini na mbili kilikuwa na picha ya mkeka wa mama. Samia aliusuka miezi minne, akampa bwana siku ya kuagana, kwa kuwa aliwahi kumpeleka hospitali kwa gari lake. Picha ilijaza ukurasa mzima. Ukurasa uliofuata ulikuwa na mchoro wa Mzungu aliyeiga mistari ya mkeka huo. Pazi, mtoto wa kaka yake, karani wa posta, alimsomea.

"Mchoraji ameandikwa jina, mwaka aliozaliwa, na mwalimu wake. Bwana ameshukuriwa kwa kuazimisha mkeka. Hata seremala wa fremu yumo, shangazi."

"Na mama?"

Pazi alifuata herufi kwa kidole. "Wameandika: Mkeka, Afrika. Msukaji hajulikani."

"Hajulikani na nani? Bwana huyu amekula wali wa mama miaka mitatu. Mama Samia hivi, Mama Samia vile."

Wasukaji wa pale humalizia mkeka pembeni, kila mmoja kwa fundo lake. Ukiliona fundo umemjua mwenyewe. Picha ilikuwa imekatwa pale pale kwenye pembe. Ndiyo maana Samia alitoka kitabuni. Kila alfajiri alisuka kipande kilichokosekana, akafunga fundo, akasema "Haya," akarudi ukurasani. Ukingo wa karatasi ulilikata fundo kama wembe, likaanguka sakafuni. Kesho yake alianza upya. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani alikuja mapema kidogo, asimkatizie binti yake daku.

Mwahija aliyaokota yote. Yalipofika sitini na moja, alimwita Pazi waandike barua.

"Anza na salamu, umuulize mkewe hajambo. Kisha mwambie msukaji ni Samia binti Likwata wa Kilwa Kivinje, na kwamba analijua hilo, na mimi najua kuwa analijua."

Pazi alicheka, akaandika vivyo hivyo. Ndani ya bahasha wakatia fundo moja, liwe ushahidi.

Jibu lilichukua miezi mitano. Bwana alishukuru sana, akaulizia hali za wote, akaukumbuka wali. Kuhusu jina, alisema vitu vya Afrika huandikwa hivyo. Watazamaji hupenda hivyo zaidi. Pamoja na barua kulikuwa na kitabu kipya. Ukurasa wa tisa, peke yake katikati ya weupe, lilikuwapo fundo. Chini yake: Fundo, Afrika. Mfungaji hajulikani.

Mwahija alichukua kalamu ya Pazi, akaandika chini ya fundo jina la mama yake kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani utotoni. Wino ulikaa kitambo, karatasi ikaunywa, pakabaki peupe. Akaandika tena. Mara ya saba Pazi alimshika mkono polepole, akamwekea kikombe cha chai.

Alfajiri iliyofuata Samia alichelewa.

"Sasa kurasa ni mbili," alisema. "Na huu wa pili hauna hata mkeka. Nimetafuta pa kushika, sikupata."

"Si upumzike, mama. Wao wanakujua."

"Wanajua. Wangekuwa hawajui wangeiacha pembe yenye fundo."

Akapasua ukindu, akasuka, akafunga. Alipoinuka kurudi, Mwahija alimfungulia kitabu, akaunyoosha ukurasa kwa kiganja usimkwaruze.

"Kesho uje tena, mama," alisema. "Hata ukichelewa."