Neno Alilolipunguza Makali

Daktari alikuwa ameandika barua kwa Kiingereza, na ofisi ya nyumba ilisikiliza Kifaransa tu. Kwa hiyo shangazi alikwenda na binti wa kaka yake, aliyemlea tangu hajui kufunga viatu, amsomee afisa kwa Kifaransa. Shangazi alitaka kitu kimoja: kuhamishwa kutoka chumba cha chini ya ardhi, ambako kuta zilitoka jasho na kikohozi kilimnyima usingizi.

Binti alisoma bila kukwama mpaka akafika kwenye neno "hardship". Nyumbani alikuwa amelitafuta kwenye kamusi, akakuta Kifaransa kina maneno kadhaa ya kulipokea. Difficultés, shida za kawaida. Épreuves, misukosuko inayompata mtu. Privations, kukosa hata vile vya lazima. Daktari alimaanisha hilo la mwisho, na binti alijua hivyo fika. Lakini mlango ulikuwa wazi, foleni iko nyuma yao, na mbele kabisa ya foleni hiyo alisimama mtu anayefanya naye kazi, ametega sikio. Uso ukamwiva. Akasema difficultés.

Afisa akaweka kalamu chini, akasema shida kila mtu anazo, na wao wasubiri zamu kama wengine.

"Kasemaje?" shangazi akauliza.

"Kasema kila mtu ana shida."

"Hata yeye? Basi mpe pole."

Njia nzima shangazi alimsifu kwamba Kifaransa kinamtoka kama maji. Kila sifa ilimchoma. Walipofika chumbani, wakashika godoro huku na huku kulisogeza mbali na ukuta uliolowa, na hapo binti akasema yote.

Shangazi akaketi. Hakufoka, afadhali angefoka.

"Uliona haya?"

"Ndiyo, shangazi."

"Haya zako, kifua changu. Ungeniuliza kwanza, mwanangu. Mimi sikuwa na haya."

Kesho yake binti alirudi peke yake, akalitamka neno la daktari kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Afisa alimsikiliza kwa upole. Akamwambia ombi la kuhamishwa kwa haraka limeshafungwa, na jingine halitapokelewa kabla ya mwaka kuisha.

Binti akapita dukani, akanunua nailoni nzito ya kubandika ukutani, upande ule shangazi anakolaza kichwa.