Viti Kumi na Viwili vya Wananchi

Mlango wa ukumbi wa baraza la mji ulikuwa na tabia moja mbaya: ukijibamiza, haufunguki kwa ndani wala kwa nje, mpaka aitwe mtu mwenye bisibisi na subira. Kwa hiyo siku za vikao uliachwa wazi, umeegemezewa chuma cheusi cha mviringo, kizito kama dhambi. Waliokikumbuka walikivuka kwa hatua ndefu. Waliokisahau walikumbushwa na kidole gumba cha mguu. Ubovu wa kitasa uliwahi kuletwa mbele ya baraza, na Karani ndiye aliyeandika jibu kwenye kumbukumbu za kikao: suala linashughulikiwa.

Maneno hayo Karani angeweza kuyaandika hata usingizini. Alikuwa na miaka mitatu kwenye kiti kile cha pembeni, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Mama Chai, aliyepitisha chupa za chai ofisi hadi ofisi, alikuwa akisema, "Huyu binti akipiga chafya, inabidi umuulize kama kweli amepiga."

Nyuma ya ukumbi palikuwa na viti kumi na viwili vya wananchi, maana sheria ilisema vikao ni vya wazi. Kumi na kimoja vilikaliwa na vumbi. Cha kumi na mbili, kile cha karibu na dirisha, kilikaliwa kila Alhamisi ya mwisho ya mwezi na mzee mmoja, fundi saa aliyestaafu, ambaye madiwani walimbandika jina la Bwana Mfuniko. Ulipofika wakati wa maswali alisimama, akavua kofia, akauliza, "Mfuniko wa lile shimo la mtaro, mtaa wa nyuma ya maghala, utawekwa lini?" Meya akamjibu kwamba suala linashughulikiwa. Mzee akashukuru, akavaa kofia, akaketi. Walikuwa wamefanya hivyo mara kumi na nne, kama watu wanaoswali.

Jambo ambalo ofisini hakuna aliyelijua ni kwamba Bwana Mfuniko alikuwa mjomba wake Karani, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yake. Yeye na mkewe ndio waliomlea, na nyumbani kwao ndiko alikolala. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeweka sharti: "Pale barazani hunijui, sikujui. Sitaki mtu aseme nimemtia mwanangu mfukoni."

Shimo lenyewe lilikuwa hatua mbili kutoka getini kwao. Mkewe mjomba, ambaye Karani alimwita Mama tangu alipojua kusema, alitumbukia humo asubuhi moja akiwa anaangalia jirani anahamisha kabati la nani. Mguu ulipona. Moyo ulikataa. Mama aliapa hatavuka geti mpaka shimo lifunikwe kwa chuma, na kiapo chake kilikuwa cha mtu mzima. Mjomba aliweka ubao, lori likauvunja. Akaweka wa pili. Ukaenda kuwa meza ya mtu. Basi mwanamke ambaye zamani mtaa mzima ulimfuata kuuliza habari za mtaa, sasa alizisubiri dirishani zimfikie, zikiwa zimepoa na kuliwa nusu. Jioni Karani akirudi, Mama alimshika mkono na kumwambia, "Kaa. Anza asubuhi, usiruke kitu." Na Karani, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alijitahidi, lakini aliona wazi kwamba habari za mihuri na mafaili hazimshibishi.

Jumatatu ya wiki ya kikao cha kumi na tano, Meya alimwita ofisini.

"Binti, Alhamisi tuna mkaguzi kutoka wizarani. Anataka kuona wananchi wanavyoshiriki katika mambo yao. Tuna wananchi wangapi?"

Karani alidhani anaulizwa idadi ya mji. "Kwa sensa ya mwisho, Mheshimiwa..."

"Wa vikaoni."

"Mmoja."

"Na huyo mmoja ni Bwana Mfuniko." Meya alijishika paji la uso. "Sasa sikiliza. Vile viti vijaze kabla hajafika. Chukua wafanyakazi wetu wa chini, wapole, wasio na maneno. Wavae nguo za nyumbani, sare waziache. Mzee akija, mwambie viti vimejaa. Hatujamfukuza, viti ndivyo vimejaa."

Karani aliangalia vidole vyake. "Niwachukue wa mtaa wowote, Mheshimiwa?"

"Hata wakiwa wanaishi mwezini."

Karani alirudi kwenye meza yake. Kisha akafungua daftari la wafanyakazi, akaanza kupitisha kidole kwenye safu ya anwani. Mama Chai, nyuma ya maghala. Mfagiaji wa ngazi, nyuma ya maghala. Mlinzi wa zamu ya mchana, mtaa wa pili, lakini njia yake ni ile ile. Alipofika wa kumi na mbili, mtunza stoo, jasho lilikuwa limelowesha kola. Hakuwa amevunja sheria yoyote, na hilo ndilo lililomtisha: akikamatwa hatakuwa na kosa la kuomba msamaha.

Tena sheria ilitaka kila mwananchi apewe kadi. Boksi la kadi lilikuwa juu ya kabati, limelala pale tangu enzi ambazo watu walikuwa bado wanakuja. Nyuma ya kila kadi ziliandikwa kanuni za wananchi, kwa herufi ndogo, na ya mwisho ilisema: swali likiulizwa na wananchi kumi au zaidi katika kikao kimoja, baraza halitafunga kikao kabla ya kuliamua. Karani alizipangusa vumbi, akazigawa mwenyewe.

"Mama," alimwambia Mama Chai alipomkabidhi yake, "kadi ina maandishi nyuma."

"Nimeona."

"Ni madogo."

Mama Chai alimtazama, akatazama kadi, akamtazama tena. "Mwanangu, macho yangu ni mazima," alisema, akaitia kadi kifuani.

Alhamisi ilikuja na upepo. Mkaguzi, bwana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, alikalishwa kando ya Meya, akafurahi kuona viti vyote vimejaa. Mama Chai alikuwa ndani ya gauni la njano ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mlinzi bila kofia yake alionekana kama mtu aliyevuliwa nusu.

Mjomba alifika saa nne kamili, kama kawaida. Karani alikuwa mlangoni.

"Viti vimejaa, Mzee," alisema.

Mjomba alichungulia ndani, akamwona mfagiaji kwenye kiti chake cha dirishani. Uso wake ulizeeka mwaka mzima pale pale. Lakini sharti ni sharti. "Sawa, Karani," alisema. "Nitasimama hapa koridoni. Masikio hayahitaji kiti." Akaegemea ukuta, akapumzisha mguu juu ya kile chuma cha mlangoni.

Kikao kilikwenda kwa ulaini, mpaka Meya akasoma kama wimbo wa shule, huku akifunua ukurasa unaofuata, "Je, yupo mwananchi mwenye swali? Hayupo, tuendelee..."

"Yupo," alisema Mama Chai, akasimama. "Mfuniko wa shimo la nyuma ya maghala utawekwa lini?"

Meya aliganda. Kisha akakumbuka kutabasamu. "Mama, ahsante sana. Suala linashughulikiwa."

"Ahsante," alisema Mama Chai, akaketi.

Mfagiaji akasimama. "Mimi naomba kujua mfuniko wa shimo la nyuma ya maghala utawekwa lini."

"Nimeshajibu."

"Ulimjibu yeye, Mheshimiwa. Mimi ni mwananchi mwingine."

Mkaguzi alichomoa kalamu ya kwanza. Mlinzi akauliza. Dereva wa gari la taka akauliza, akaongeza kwamba tairi lake linalijua lile shimo kwa jina. Mpiga chapa aliuliza kwa kigugumizi, na baraza zima likalazimika kumngoja afike kwenye neno "lini". Kila mmoja alijibiwa, kila mmoja alishukuru, na Karani aliandika bila kuinua kichwa, maana angekiinua angecheka, na tangu aajiriwe hakuwa amewahi kucheka mahali pale. Lilipoulizwa swali la kumi, mkaguzi alikuwa ameazima kadi ya mwananchi mmoja na kuigeuza nyuma.

"Mheshimiwa, hongera," alisema. "Wananchi wako wamechangamka sana. Naona kwa kanuni hii hatutoki hapa bila uamuzi."

Meya alimgeukia Mhandisi wa mji kwa macho ya mtu anayezama. Mhandisi alisimama, akakohoa. "Tatizo ni kwamba mifuniko haipo. Tuliletewa sita mwaka juzi, ikaisha."

"Iliishia wapi?" aliuliza mkaguzi.

Mhandisi alitazama dari. Pale pale mtunza stoo, mtu ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akisema "saini hapa" na si zaidi, alisimama kwenye kiti cha mwisho.

"Mimi kama mwananchi sijui," alisema. "Ila ningekuwa mtunza stoo, ningesema mitano ilikwenda mtaa wanakokaa waheshimiwa, mtaa wenye mashimo mawili tu. Na wa sita uliazimwa na ukumbi huu. Kwa barua, saini ya Mheshimiwa ipo. Sababu iliyoandikwa ni kuzuia mlango."

Vichwa vyote viligeuka. Koridoni, Mjomba aliinamisha macho polepole, akatazama alipokuwa amepumzisha mguu. Miezi kumi na minne alikuwa akiuvuka mfuniko kwenda kuuliza uko wapi. Aliuondoa mguu kwa adabu, kama mtu aliyemkanyaga mkubwa.

Uamuzi haukuchukua dakika mbili. Wanaoafiki waliitikia ndiyo, wasioafiki hawakuonekana.

"Ni wa leo hii, Mheshimiwa?" aliuliza dereva.

"Leo, leo," alisema Meya, akijifuta jasho. Alitaka tu waondoke.

Waliondoka. Wote kumi na wawili, na mfuniko wakaubingirisha mbele yao kwenye korido, Mjomba akiuongoza kwa kofia kama mtu anayeswaga ng'ombe. Karani alitoka nyuma yao na daftari, kwa kuwa kazi yake ilimtaka aandike saa wananchi walipotoka. Alikuwa ameandika saa tano na dakika ishirini, bado nukta, upepo ulipopita dirishani, ukauchukua mlango uliobaki bila mlinzi, ukaubamiza.

Kisha kitasa kikatikiswa kwa ndani, kwanza kwa heshima, halafu bila heshima.

"Nani yuko huko nje?" ilisikika sauti ya Meya.

"Karani, Mheshimiwa."

"Tafuta fundi. Haraka."

"Yupo mmoja, Mheshimiwa. Fundi saa. Ana bisibisi ndogo ndogo. Ila sasa hivi ana kazi."

"Kazi gani?"

"Anaweka mfuniko."

Ndani mtu alicheka. Bila shaka ni mkaguzi, maana hakuna mwingine angethubutu. Meya alivuta pumzi mpaka ikasikika chini ya mlango. "Atachukua muda gani?"

Karani alifungua kinywa, na maneno aliyoyaandika miaka mitatu yakatoka yenyewe, kwa sauti ambayo hakujua anayo. "Suala linashughulikiwa, Mheshimiwa." Akakimbia mpaka nyuma ya maghala.

Mfuniko ulikuwa umeshakaa mahali pake. Dereva alikuwa amerukaruka juu yake na kilo zake mia, haukutingishika. Lakini Mama alikuwa amesimama ndani ya geti, fimbo mkononi, vidole vyake vya miguu vikiwa sawasawa na mstari wa kizingiti, kama mtoto kwenye ukingo wa maji.

"Toka, mke wangu," alisema Mjomba. "Ni chuma. Ulisema chuma."

"Nimeona ni chuma." Alinyoosha fimbo, akaugonga. "Labda kesho."

"Kesho?"

"Au Jumamosi. Kwani mfuniko unaondoka?"

Mama Chai alimbembeleza, mlinzi akamtolea mfano wa kijeshi. Mama aliwasikiliza wote kwa upole na hakusogea hata unyayo. Mjomba alishika kofia kwa mikono miwili, na Karani aliyefika akihema aliona kwamba mzee, ambaye katika kukataliwa mara kumi na nne hakulia, sasa yu karibu. Akamvuta mkono.

"Mjomba, chukua bisibisi zako. Mlango umejifunga. Wamebaki ndani."

Mama aliinua kichwa. "Nani wamebaki ndani?"

"Baraza, Mama."

"Baraza lote?"

"Na mkaguzi."

"Na Meya?"

"Ndiye anayetikisa kitasa."

Mama alimtazama kama mtu aliyeletewa chakula cha moto baada ya miezi kumi na minne ya viporo. "Na wewe umesimama hapo unanisimulia," alisema. "Niletee viatu. Vile vyeusi."

Aliukanyaga mfuniko bila hata kuutazama. Alikwenda katikati ya barabara kwa fimbo, mumewe nyuma yake na mkoba wa vifaa, na watu kumi na wawili wakiwafuata kimya, wakiogopa kumkumbusha. Kwenye kona ya maghala alisimama mara moja tu, kuuliza lile kabati la jirani hatimaye lilikuwa la nani.

Koridoni, Mjomba alipiga goti na kuanza kuchagua bisibisi. Mama alimgusa bega, ishara ya kumwambia angoje kidogo. Akausogelea mlango, akaweka mdomo kwenye tundu la kitasa.

"Hamjambo humo ndani?"

"Hatujambo," ilijibu sauti ya Meya, imechoka. "Nani mwenzetu?"

"Mwananchi tu," alisema Mama. "Nimekuja kuwapa pole. Msiwe na wasiwasi, wanangu. Ni miezi mitatu ya kwanza ndiyo migumu. Baada ya hapo mtu huzoea."