Manjano ya Mlango wa Nyuma

Sesharatnam alifika bwawani na mnara wake wa maua kichwani, shingo imekakamaa, maana mwaka ule mji wote wa Nizamabad, huko bara Telangana, ulikuwa umegeuka. Kila ukuta umeandikwa: Telangana ni yetu, watu wa pwani ya Andhra warudi kwao. Kwao wapi? Yeye kazaliwa hapa hapa, nyuma ya soko la manjano. Aliyetoka pwani ni baba yake, mfereji wa kumwagilia mashamba ulipofunguliwa, akanunua mashamba kwa bei ya kutupa kutoka kwa watu wenye njaa. Hilo halina ubishi, na wenyeji hawakulisahau. Lakini akienda pwani harusini, shangazi zake humcheka: "Msikieni anavyoongea, kama hao wala mtama wa bara!" Basi aende wapi, mbinguni?

Wanawake walikuwa wakizunguka minara ya maua ya sikukuu yao, Batukamma, wakiimba na kupiga makofi. Alipotua mnara wake, mke wa muuza mbolea akabetua midomo.

"Hee! Siku hizi na wa pwani nao wana Batukamma?"

"Nilikuwa naizunguka wewe bado unanyonya," akamjibu.

Wawili watatu wakacheka. Lachavva hakucheka. Huyu ndiye jirani yake, shoga yake tangu utotoni, ambaye walinyonyesheana watoto.

Maua yakaachiwa majini. Ikabaki kupakana manjano. Kila mwanamke hutwaa donge la manjano alilolitoa kileleni mwa mnara wake kabla ya kuuachia, ndiye mungu mke Gauri mwenyewe, akawapaka wenzake mashavuni na kwenye kidani cha ndoa, kuwaombea waume zao uzima. Manjano yako yakikataliwa, umeshaambiwa kwamba hapa si kwenu. Na Lachavva akikataa, nani mwingine atakubali?

Akamnyooshea vidole. "Dada, lete shavu."

Lachavva akawatupia jicho wanawake, waliokuwa wakiwatazama. Mwanawe alikuwa mstari wa mbele kwenye maandamano ya kuwafukuza watu wa pwani. Akavuta pindo la sari usoni, akanong'ona, "Si hapa, mdogo wangu. Nitakuja kwako kwa mlango wa nyuma. Utanipaka huko huko ndani."

"Mlango wa nyuma? Kwani mimi pombe ya magendo?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mumeo nimemwombea uzima hadharani miaka yote hii, Lachavva!" Akalitupa donge lote majini, akaondoka. Hakuna aliyemwita.

Nyumbani alikuwa akiwasha taa, mlango wa uani ukagongwa.

"Ratnam, ni mimi. Nimekuletea manjano yangu. Nisamehe."

Moyo ukamlainika, jamani. Akakimbia, akashika komeo.

"Fungua basi, upesi, kabla hawajaniona."

Akaliachia komeo. Akaketi pale pale chini, akalia, asifungue. Na huko nje Lachavva naye alikuwa akilia, kwa sauti ya chini, majirani wasimsikie.