Sanduku la Shemeji Kakuzo

Shemeji Kakuzo aliingia kwangu, akaketi mbele ya picha ya marehemu mdogo wake, akawasha udi, akagonga kengele mara moja, kisha akanigeukia na kuniambia mambo yote yameshapangwa. Kumbukumbu ya mwaka wa tatu ya mume wangu itasomwa hekaluni Jumapili asubuhi, na baada ya hapo ukoo utakwenda kula sushi Isomatsu. Alikuwa ameshapiga simu kuweka nafasi.

"Wanaume tutakaa kwenye kaunta, mbele ya fundi wa sushi," alisema. "Wewe na Hisae na Mizuho mtakaa chumba cha juu. Mtaletewa huko huko, msiwe na wasiwasi."

Hisae ni mkewe, Mizuho ni binti yangu. Mimi ni Tsuruyo, nina miaka sitini na saba, na mfiwa mkuu ni mimi. Jina langu ndilo lililoandikwa hekaluni. Lakini tangu Yoshinobu afariki, shemeji yangu amekuwa akiiendesha nyumba yangu kama vile alirithishwa pamoja na chungu na mwiko.

Mjini kwetu sushi inaliwa mahali pawili. Kuna Isomatsu ya Fundi Iwakichi, karibu na soko la samaki, ambako marehemu alikuwa na kiti chake, cha tatu kutoka mlangoni, kwa miaka arobaini na moja. Na kuna kwa Sanae, aliyefungua miezi minne iliyopita nyuma ya posta, katika duka lililokuwa la kinyozi. Sanae alikuwa mwanafunzi wa Iwakichi kwa miaka kumi na miwili. Alimwoshea mchele, akampalia samaki, akamkaangia mayai, lakini hakuruhusiwa hata siku moja kusimama mbele ya wateja na kufinyanga sushi, lile tonge la wali lenye kipande cha samaki juu. Wanasema mikono ya mwanamke ina joto, na joto humharibu samaki. Mwisho akachoka, akaondoka.

Iwakichi hakumkataza mtu kwenda kwake. Hakuwa na haja. Kuonekana unainamisha kichwa kupita chini ya pazia la mlango wa Sanae ni sawa na kumtukana fundi hadharani. Sokoni watu humsalimu Sanae kwa heshima zote, humuuliza biashara inaendaje, kisha kila mmoja hungoja mwenzake aanze kwenda. Waliokuwa wakiingia kwake ni wapita njia tu, na sasa ni majira ya baridi, wapita njia hakuna. Alikuwa amemwambia Mizuho kwamba mwezi ukiisha hivi, anafunga.

Mimi nami nilikuwa mmoja wa hao wanaongoja, sijitoi. Kilichonichoma ni kile chumba cha juu.

"Shemeji," nilisema, "tutakula kwa Sanae."

Alinitazama kama niliyesema tutakula kituo cha mafuta. "Kwa yule? Kule kwa kinyozi?"

"Huko huko."

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Akacheka peke yake. "Tsuruyo, mdogo wangu alikula kwa Iwakichi tangu hana hata mvi moja. Unataka kumwaibisha akiwa kaburini?"

"Yeye Jumapili hali. Wanaokula ni sisi."

"Basi mimi siji."

"Usipokuja, tutagawana samaki wako."

Aliondoka akasahau mwavuli wake. Nilibaki nimekaa. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na woga pia, maana katika miaka yote hiyo sikuwahi kumjibu mtu wa ukoo ule zaidi ya ndiyo.

Kwetu nafasi ya msiba haighairiwi kwa simu. Unakwenda mwenyewe na boksi la keki za maharage, unainama, unaomba radhi. Kesho yake nikajikaza, nikaenda Isomatsu kabla hawajatundika pazia na kufungua. Fundi Iwakichi alikuwa ananoa kisu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona ile kaunta kwa karibu.

Ndiyo, mara ya kwanza. Yoshinobu alikula pale kila Jumamosi na wanaume wenzake, Kakuzo akiwamo, na kila alipochelewa na kulewa alinirudia na sanduku dogo la sushi lililofungwa kwa kamba, lenye kitanzi cha kupitisha kidole, ili nisinune. Nilikuwa nimeshalala, kwa hiyo nililifungua asubuhi na kula nimesimama jikoni huku chai yake ikichemka. Hiyo ndiyo sushi niliyoijua mimi, ya baridi, wali umekakamaa. Nilikuwa nikishukuru, tena kwa moyo.

"Fundi, nimekuja kughairi ya Jumapili," nilisema, nikaweka boksi na kuinama. "Naomba radhi kwa usumbufu."

"Mnakwenda wapi, Mama Mizuho?"

"Kwa Sanae."

Aliacha kunoa. "Mikono yake ina joto. Nilimfundisha kila kitu, lakini hilo halifundishiki."

"Nimesikia."

"Marehemu asingefanya hivi."

"Marehemu hakuwahi kuniuliza mimi ningefanya nini."

"Kila Jumamosi nilikufungia lako. Kwa mikono yangu mwenyewe."

"Kwa hilo nakushukuru, Fundi. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Hakuligusa boksi la keki. Nikatoka kinyumenyume kama adabu inavyotaka, na nilipofika barabarani nikanyoosha mgongo.

Jumapili ilinyesha mvua iliyochanganyika na theluji. Sala ilisomwa, tukachoma udi mmoja mmoja. Shemeji Kakuzo alikuja hekaluni na wanawe wawili. Tulishuka pamoja hadi kwenye kona ya posta. Soko liko kushoto, Sanae yuko kulia. Kakuzo alikwenda kushoto bila kugeuka.

"Shemeji, kule nimeghairi," nilimwita.

"Iwakichi hawezi kunikosesha kiti. Na kama hana, nitakula kwangu." Wanawe wakamfuata. "Hisae, twende."

Hisae alisimama chini ya mwavuli wake. Ni mwanamke ambaye katika miaka thelathini sijamsikia akimaliza sentensi mbele ya mumewe. Aliutazama mgongo wa Kakuzo, akanitazama mimi.

"Miguu imeniganda," alisema. "Kulia ni karibu zaidi." Akatangulia.

Tukapita chini ya pazia wanawake watatu tuliovaa nyeusi. Kioo kirefu cha kinyozi bado kiko ukutani, kwa hiyo ukikaa unajiona unavyokula. Sanae alitoka nyuma anafuta mikono, akatuona, akasahau kutukaribisha.

"Mama, nafasi mlisema sita," alisema hatimaye.

"Tuko watatu. Lakini tuna njaa ya sita."

Aliweka kipande cha kwanza mbele yangu, kibua kilichotiwa tangawizi juu. Nilikishika kwa vidole, nikakitia mdomoni, na moyo ukanishuka. Wali ulikuwa na uvuguvugu. Nikajiambia, kumbe ni kweli, nimeuacha ukoo mzima barabarani kwa ajili ya mikono ya moto.

"Sanae," nilisema polepole, "wali wako una joto."

"Ndiyo, Mama. Ndivyo unavyotakiwa uwe, kama ngozi ya mtu. Hata kwa Fundi, ukikaa mbele yake, unaupata hivyo hivyo."

"Na mikono yako?"

Akaninyooshea mkono juu ya kaunta. Nikaushika. Ulikuwa baridi, umetoka kwenye maji ya barafu, mwekundu hadi kifundoni.

Hisae alikuwa ameshusha kikombe chake. "Mimi nilidhani sushi ni kitu cha baridi," alisema. "Si ndivyo inavyokuwa? Asubuhi?"

Hapo machozi yakanitoka, na si ya marehemu. Yalikuwa ya hasira. Miaka arobaini na moja nimekula chakula kilichopoa, nikadhani ndiyo ladha yake, nikainama kushukuru. Nilikula kipande cha pili kabla sijafuta macho, na cha tatu. Mizuho aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, nipishe nile.

Nje, mke wa meneja wa posta alipita akichungulia, akarudi akapita tena. Mara ya tatu kichwa chake kikaingia chini ya pazia. "Kuna nafasi?" aliuliza.

"Zipo tatu," nilimjibu kabla Sanae hajafungua mdomo. "Wenyewe wamezikataa."

Tulipokaribia kumaliza, nilimwita Sanae. "Nifungie sanduku moja, la shemeji Kakuzo. Tia kibua, tia jodari, usimpunje. Na ufunge kwa kamba, uache kitanzi cha kidole, kama wanavyofunga Isomatsu."

Alilifunga vizuri sana. Miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa akikata zile kamba. Nikalisukuma hadi mbele ya Hisae.

"Nimwambie nini?" aliuliza.

"Mwambie tumemkumbuka. Ila asile leo. Aliweke jikoni, ale kesho asubuhi, akiwa amesimama."

Hisae alipitisha kidole kwenye kitanzi, akalipima uzito, akaliweka pembeni. Kisha akamwambia Sanae ampe kibua kingine kwanza.