Mtoto Amelala

Watu huniita Mzee Kamba. Mimi husema ni kwa sababu nimezeekea kwenye kamba za chuma za lifti, nikizikaza na kuzipaka grisi. Mke wangu husema ni kwa sababu ya zile nyingine, za uongo, ninazowafunga watu wakikosea wakakaa benchi moja na mimi. Chagueni wenyewe. Ila haya ya leo hata yeye hatayakana, maana alikuwamo.

Asubuhi ya Krismasi tulikuwa kanisani. Mchungaji alikuwa amefika pale malaika anapowaambia wachunga kondoo wasiogope, simu ikanitetemekea mfukoni. Mkwe wangu, mume wa binti yetu.

"Baba, wamemwingiza chumba cha upasuaji. Mapigo ya mtoto yameshuka. Njooni."

Uso wangu ulishamwambia mke wangu kila kitu. Akabeba mkoba wake, na nilijua ndani mna nini: shali ya manjano aliyomfumia mjukuu wetu wa kwanza. Yule alizaliwa Krismasi iliyopita na shali haikumfikia. Mzee wa kanisa ndiye aliyetutokea ukumbini, kofia kaishika kwa mikono miwili, akasema, "Mtoto amelala." Kwa lugha yetu ya kanisani, ukiambiwa mtu amelala usihangaike kumwamsha. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna anayelala. Tunajinyoosha, tunapumzisha mgongo, tunafumba macho kidogo. Na nyimbo za Krismasi tunaziimba kama wenzetu, ila tukifika kwenye mtoto, kila mmoja anatazama viatu vyake.

Hospitali iko ng'ambo ya barabara, na wodi ya wazazi iko ghorofa ya juu kabisa. Mke wangu akaelekea kwenye ngazi, na magoti yake yale.

"Mama, lifti ile pale."

"Siipandi."

"Lifti hii nimeilea mwenyewe! Inanijua kuliko unavyonijua wewe."

"Ndiyo maana siiamini."

Akaingia hata hivyo, kwa sababu ngazi ni nyingi na binti ni mmoja. Ndani tulimkuta mama wa usafi na ndoo yake. Tukaanza kupanda, nami nikausikia kabla yao: mlio mdogo kule juu, kama mtu anayemeza mate. Lifti ikatikisika, ikasimama. Taa kubwa ikazimika, ikabaki ile ndogo ya dharura, inayomfanya kila mtu aonekane mgonjwa.

Abiria wa kawaida huogopa kamba kukatika. Mimi najua hazikatiki ovyo. Nilijua mengine mabaya zaidi: kwamba siku ya sikukuu fundi wa zamu yuko kwao na shati jipya, kwamba humo ndani simu haishiki mtandao, na kwamba mota ikinyamaza hivyo sisi mafundi tunasema imelala, yaani usiitegemee leo.

"Imekuwaje?" mke wangu akauliza.

Neno likanifika kwenye meno. Nikalimeza.

"Imepumzika."

Mama wa usafi akanitazama vizuri. "Si wewe Mzee Kamba? Si ndiwe uliyetwambia uliwahi kuiwasha lifti kwa pini ya nywele?"

"Ilikuwa pini kubwa."

"Basi washa."

"Mama, aliye ndani haiwashi."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Miaka yote ya kazi nilikuwa upande wa nje. Nilipiga magoti juu, mdomo kwenye upenyo wa mlango, nikiwapigia kelele waliokwama: Msiogope! Mke wangu alikuwa akinitania, eti malaika wa grisi. Sasa nilikuwa natega sikio ile sauti itoke juu, na juu palikuwa kimya.

Mama wa usafi akaanza kugonga mlango kwa mpini wa ufagio. Akagonga mpaka viatu vikaja vikikimbia, na mwanga mwembamba ukaonekana juu ya vichwa vyetu.

"Nani humo?" Ilikuwa sauti ya nesi.

"Mimi wa usafi! Niko na wazee, binti yao yuko upasuaji!"

"Yule mwenye mume mrefu? Mumewe anawatafuta kila mahali! Mama yuko salama. Mtoto amelala."

Mtu akamwita kwa haraka. Viatu vikaondoka.

Nimewahi kuning'inia kwenye shimo la lifti kwa mkono mmoja, na hiyo si kamba. Sikuogopa vile. Baridi iliniingia kwenye nyayo ikapanda mpaka kwenye fizi. Nikashika kile chuma cha ukutani, nilichokifunga mwenyewe kwa skrubu. Mke wangu alikuwa amekaa sakafuni. Aliitoa shali akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa kama leso.

"Jamani, mbona hivyo?" mama wa usafi akasema. "Si kasema mama mzima, mtoto kalala? Kwani watoto wa kwenu hawalali?"

Neno lilikuwa na njia mbili, na sisi tulishawahi kupitishwa moja. Nikajaribu kuomba. Nilichopata ni, "Bwana, mwaka jana. Siku yako ya kuzaliwa. Tafadhali." Hapo nikaishiwa. Nikamfikiria yule mama wa zizini, ugenini, hana hata dada wa kumshika mkono, na mfalme mwenye askari si mbali. Kila mwaka tunamwimbia kwa sauti tamu. Sidhani naye alikuwa na utamu wowote mdomoni. Nadhani alikuwa anasikiliza kama mtoto anapumua.

"Mzee," mke wangu akasema kutoka kule chini. "Nidanganye."

"Nini?"

"Nifunge kamba. Moja tu. Siwezi kukaa humu na neno lile peke yake."

Mwanamke huyu amenikemea uongo tangu tuoane.

"Lifti hii," nikaanza, "siku moja ilipita ghorofa ya mwisho. Nabonyeza kitufe, haisikii. Ikatoboa paa, ikapita mawingu, yana baridi kama friji ya bucha. Mlango ukafunguka. Nikamwona mama amekaa kwenye kigoda, amepakata watoto."

"Mama gani?"

"Ningemuulizaje, nina grisi mpaka kwenye viwiko? Ila walikuwa wawili, huku na huku. Mmoja wake."

"Na wa pili?"

"Wa pili ana masikio yangu."

Mama wa usafi akageukia ukuta. Mke wangu akainua uso.

"Analia?"

"Halii. Anamvuta mwenzake nywele."

"Mwongo mkubwa wewe," akasema, akaushika mguu wa suruali yangu, na hakuuachia.

Umeme ulirudi wenyewe, bila fundi wala pini. Mlango ulipofunguka, mkwe wetu alikuwa amesimama pale, macho mekundu. Mekundu ya nini, sikuweza kujua. Akafungua mdomo.

"Usiseme!" mke wangu akamkatiza. "Usiseme neno, baba. Tuoneshe."

Binti alikuwa kitandani, midomo imemkauka. Pembeni yake kifurushi cheupe, hakitikisiki. Nikaweka kidole chini ya pua ndogo. Sikuhisi kitu, vidole vyangu vimekuwa sugu kwa kamba, havisikii hata chai ya moto. Moyo ukanitoka. Nikafunua shuka nikamfinya unyayo.

Loo! Kelele iliyotoka hapo! Nesi akaja mbio.

"Nani kamwamsha? Nimehangaika naye mpaka akalala!"

"Mimi," nikasema, machozi yananiingia masharubuni. "Mwache alie. Mwache tu."

Mke wangu akaikunjua shali, ikiwa na mikunjo yote, akamfunika. Binti akaigusa pindo, akaitambua. Uso wake ukacheka na kulia papo hapo.

"Hii si ya..."

"Ya kaka yake," mama yake akasema. "Kamwachia."

Wakakaa hivyo, mikono ya wote wawili juu ya shali ile ya manjano, mtoto akipasua masikio ya wodi nzima. Baadaye binti akafuta pua.

"Mbona mlichelewa hivyo?"

Nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Mke wangu akaniwahi, na hakupepesa hata jicho.

"Lifti ilipita ghorofa ya mwisho," akasema.