Firigisi ya Kifungua Mimba

Goti la Bi Mwanne lilianza kuuma walipofika njia panda, na lilikuwa goti lenye akili. Tangu alfajiri lilikuwa limeteremka vilima vya Kondoa bila manung'uniko, likavuka makorongo, likawaacha nyuma hata wajukuu. Lakini pale njia inapogawanyika, moja ikienda kambi ya wasafiri na nyingine ikipanda kuelekea ziwani, goti likagoma.

"Mwanangu Bashiri," alisema, akakaa juu ya jiwe kama mtu aliyelinunua. "Mimi nimefika."

Bashiri alitua mzigo wake. Alikuwa na haraka. Reli ya Mdachi ilikuwa imefika Dodoma, na pale stesheni alikuwa ameahidiwa kazi ya kupakua mizigo, kazi ambayo haimngojei mtu. Alikuwa anahama na nyumba nzima: mkewe Zaitun, Hassani wa miaka sita, Batuli aliyelala mgongoni kwa mama yake, huyu bibi mwenye goti, chungu, mikeka, na kuku watatu ndani ya tenga.

"Mama, kambi ya wasafiri ni hapo mbele kidogo tu."

"Kidogo chako si kidogo cha goti langu. Twende tukalale ziwani."

"Ziwani si kupanda?"

"Kupanda hakuniumizi. Kinachoniumiza ni kushuka."

Zaitun aligeuza uso akachekea ndani ya kaniki yake. Bashiri alitazama jua, akamtazama mama yake, akaona jua ndilo litakalobadili nia kwanza. Akajitwika mzigo, wakapanda.

Ziwa lile halikuwa la zamani sana. Bi Mwanne aliolewa pale likiwa bado bonde la mashamba, kabla Wadachi hawajajenga boma lao Kondoa. Mwaka mmoja mvua ilishusha mchanga kutoka vilimani, ukaziba mdomo wa kijito, na maji yakakaa kama mgeni aliyesahau njia ya kwao. Yakaanza na mtama, yakaja zizini, yakamalizia na nyumba. Watu wakahamia upande wa pili wa vilima, Bashiri akiwa bado ananyonya.

Na chini ya upenu wa nyumba ile, upande wa mlango, kulikuwa na mtoto.

Ndiye aliyekuwa mwanawe Bi Mwanne wa kwanza, wa kiume, aliyekufa hata jina hajapewa. Mtoto wa hivyo hawekewi matanga. Wanawake walimzika wenyewe pale upenuni, asinyeshewe, kisha midomo ikafungwa. Hasa yule anayemfuata ndiye asiyeambiwa kamwe, maana walisema akisikia kuwa ana mwenzake, mwenzake naye atamsikia, na atamwita. Anayemfuata alikuwa Bashiri.

Kwa hiyo Bashiri alikua akijijua ni kifungua mimba, na kifungua mimba katika nyumba yao ndiye mwenye firigisi. Kuku akichinjwa, mapaja yatagombewa, shingo itaombwa, lakini firigisi haina mjadala. Marehemu baba yake alianza kumtafunia akiwa hana hata meno ya kutosha. Na kila mara Bi Mwanne alipoiweka firigisi kwenye bakuli la Bashiri, moyo wake ulikuwa ukimwomba radhi mtu mwingine.

Alikuwa ameyazoea mambo hayo, kama mtu anavyozoea kijiwe ndani ya kiatu. Lakini sasa wanahama. Hakuna wa kwao atakayebaki vilimani. Bi Mwanne alitaka kitu kimoja tu kabla hajaondoka: yule wa upenuni ale firigisi yake, japo mara moja, na Bashiri asijue.

Walipofika ziwani watoto walivua nguo kabla mizigo haijatua. Hassani akaingia majini akipiga kelele, Batuli akafuata mpaka kwenye vifundo vya miguu, akaogopa, akacheka, akarudi. Hatua chache kutoka ukingoni lilitokeza jiwe pana, bapa, kama mgongo wa ng'ombe anayeoga. Bi Mwanne alilijua. Juu ya jiwe lile alikuwa akianika mtama, akiwafukuza ndege kwa kope za macho tu, mikono ikifanya kazi nyingine. Mlango wa nyumba ulitazamana nalo.

"Bashiri," alisema, "yule kuku mwekundu ana mguu mbaya. Hatafika Dodoma."

"Mguu gani, Mama? Asubuhi alitoka tengani tukamkimbiza wote."

"Basi amekimbia kwa ule mzuri."

Kuku akachinjwa. Zaitun akawasha moto, akapika, na chungu kilipokaribia kuiva Bi Mwanne akamwambia, "Nenda kawasugue watoto, mimi nitaangalia hapa." Mkwe akaenda, mwana alikuwa mbali akikata miti ya kujengea kibanda cha kulala. Bi Mwanne akaopoa firigisi, akaipuliza, akaifunga kwenye jani, akashuka nayo ukingoni kwa mwendo ambao goti lingeuonea aibu.

Aliirusha. Ilianguka kando ya jiwe, upande wa mawio, pale pale ulipokuwa upenu. Miviringo ya maji ikatanuka ikafika miguuni pake.

Alitaka kusema kitu, akakuta hana jina la kumwitia. Angekuwa hai angekuwa mwanamume mzima sasa, labda na kitambi, labda na wake wawili wanaomnyima usingizi. Labda yeye ndiye angekuwa mwenye haraka ya Dodoma.

"Haya, kula," alisema. "Ni ya moto."

Aliporudi hakujua kwamba nyuma yake Hassani alikuwa amepita chunguni, akachovya kidole, akalamba, akachovya tena.

Walipoketi kula, Bashiri aliugeuza mchuzi kwa kipande cha ugali. Akaugeuza tena. Hakuwa mlafi, ila kuna vitu mtu akivizoea tangu utoto, siku visipoonekana anahisi ametukanwa.

"Firigisi iko wapi?"

Macho yote yakatua kwenye kidevu cha Hassani, kilichokuwa kinang'aa mafuta.

"Sikula!" alisema Hassani kabla hajaulizwa, na hilo likamharibia zaidi. "Nililamba mchuzi tu. Wallahi, mchuzi tu!"

"Hassani," mama yake alisema taratibu, "sema kweli."

"Nimesema!"

"Mimi sililii nyama," Bashiri alisema akiinuka. "Ninalilia uongo. Mtoto anaapa na mafuta mdomoni!" Akakata kijiti, akakipukutisha majani. Hassani akakimbilia nyuma ya bibi yake, akamshika kiuno kwa mikono miwili.

"Mume wangu hachapwi mbele yangu," alisema Bi Mwanne, kama alivyozoea kumwita. "Firigisi nimekula mimi."

Bashiri alimtazama. "Mama. Umekula firigisi."

"Nimekula."

"Umeitafuna kwa meno gani?"

Meno ya Bi Mwanne yalikuwa yameondoka moja moja miaka mingi iliyopita, na kila mtu aliyeketi pale alikuwa shahidi. Alihisi moyo wa mtoto ukidunda mgongoni pake. Fimbo moja haimuui mtoto, alijua. Angenyamaza, jambo lingeisha kwa kilio kidogo. Lakini Hassani alikuwa wa kwanza wa Zaitun. Bi Mwanne alikuwa amekwisha kumdhulumu kifungua mimba mmoja, na hakutaka huyu awe wa pili.

"Tupa hicho kijiti," alisema, "ukae."

Akamwambia. Alisema akitazama moto, bila mzaha hata mmoja, na kwa sababu hiyo wote walijua ni kweli. Alipomaliza, Zaitun alikuwa amempakata Batuli kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Bashiri alilisukuma bakuli lake kando. "Basi siku zote nilikuwa nakula cha mwenzangu."

"Ulikuwa unakula nilichokupa."

"Jina lake nani?"

"Hakufika kwenye jina."

Kutoka nyuma ya bibi, Hassani akachungulia. "Kwa hiyo Baba naye ni mdogo?"

Bashiri aliinuka, akashuka ukingoni, akaingia majini. Bi Mwanne akasimama pia, na safari hii goti lilitetemeka kweli. Ameambiwa, sasa ataitwa.

"Yasizidi magoti!" alipaza sauti. "Bashiri! Yasizidi magoti, nakuomba."

Yalipofika magotini Bashiri akasimama. Alilielekea lile jiwe, mikono imemning'inia, kama mtu aliyetumwa ukweni asikute mtu uani. Akakohoa.

"Kaka," alisema, "shikamoo."

Maji yalitulia. Bi Mwanne alizuia pumzi. Kisha mwanawe akageuka, akarudi nchi kavu, suruali imemganda miguuni, mzima.

"Mbona hajaitikia marahaba?" aliuliza Hassani.

"Ameitikia," alisema Bi Mwanne, na sauti ilimrudia pole pole. "Wewe ungesikiaje, masikio yamejaa maji?"

Batuli, ambaye hakuelewa chochote, akalipungia ziwa mkono akasema shikamoo mara nyingi, mpaka mama yake akamziba mdomo kwa kipande cha ugali.

Asubuhi walifunga mizigo. Bashiri alimwinua Hassani, akamtazama usoni. "Kuku wa pili, firigisi yake ni yako. Nilikusingizia."

Hassani aliwaza, kisha akamgeukia mama yake kwa wasiwasi. "Mama, na mimi ndiye mkubwa kweli? Hakuna mwingine?"

"Ndiye wewe," Zaitun alisema.

Wakaanza kushuka kuelekea njia panda. Bi Mwanne aligeuka mara moja tu, akaliona jiwe, jua likilipiga upande ule ule, kisha akaendelea. Kushuka, alikosema jana ndiko kunakomuumiza, alishuka kama binti anayekwenda ngomani. Bashiri alimwona. Na yeye mwenye haraka zake, mzigo begani, alipunguza mwendo ili watembee pamoja.